Muhtasibu wa Leo: Kazi ya Mazingira na Taka katika Serikali za Mitaa





Somo letu safari hii linahusu kazi. Sisi tunaosoma masomo ya Kiislamu tukiulizwa tutafanya nini baada ya kuhitimu, majibu huwa matatu au manne: kufundisha, uimamu, benki ya Kiislamu, au shirika la misaada. Wenzetu wa sayansi nao hutaja hospitali na maabara. Sijawahi kumsikia mtu akisema, "Mimi nataka ofisi ya mazingira ya wilaya." Ukimtajia mtu kazi ya taka atacheka, akidhani unamkabidhi ufagio. Nami naona hii ni ajabu kidogo, maana ofisi hiyo ni miongoni mwa chache za serikali ya leo ambazo vitabu vyetu vya fiqhi vinazijua tangu zamani, kwa jina lake, masharti yake na hata mshahara wake.

Jina lake ni hisba, na mwenye kuishika ni muhtasibu.

Mwenye kujitolea na mwenye wadhifa

Wengi wetu tunaijua hisba kwa maana yake pana, yaani kuamrisha mema yanapoachwa na kukataza maovu yanapotendwa. Hiyo ni sawa. Lakini Imamu Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, sawa na 1058 Miladia, aliiwekea hisba mlango kamili katika kitabu chake Al-Ahkam as-Sultaniyya. Mapema katika mlango huo alitenganisha watu wawili. Wa kwanza ni Mwislamu yeyote anayekataza uovu kwa kujitolea. Wa pili ni muhtasibu, aliyeteuliwa na kiongozi. Baina yao akahesabu tofauti tisa.

Sitazitaja zote, ila zile zinazotuhusu nitazieleza kwa maneno yangu. Kwa mwenye wadhifa, jambo hili ni wajibu wake binafsi; kwa wengine ni faradhi ya kutosheleza. Mwenye wadhifa hana ruhusa ya kuliacha akashughulika na jingine, na mwenye kujitolea anaweza kuondoka akaenda darasani. Mwenye wadhifa amewekwa ili watu wamlalamikie, na akilalamikiwa ni lazima ajibu. Anatakiwa autafute uovu ulio wazi, asingoje kuletewa habari. Ana haki ya kuwa na wasaidizi. Anaweza kutoa adhabu ya kutia adabu, isiyofikia hadi za kisheria. Analipwa kutoka hazina ya umma. Tena anaweza kutumia ijtihadi yake katika mambo ya ada na desturi, na mfano uliotolewa hapo ni nafasi za watu sokoni na vibaraza vinavyotokeza njiani.

Sasa itazameni jumuiya yetu, na jumuiya nyingi za wanafunzi Waislamu katika nchi hii. Tuna siku ya usafi. Tunavaa glovu, tunaokota chupa na makavera, tunazibua mfereji wa karibu na msikiti, tunapiga picha, tunakunywa chai. Ni jambo jema, na hadithi ya matawi ya imani aliyoipokea Imamu Muslim inatosha kuwa dalili: tawi la chini kabisa ni kuondoa njiani kinachowaudhi watu. Simdharau anayeokota chupa. Lakini Jumatatu mfereji umejaa tena, kwa sababu mwenye duka la juu anamwaga humo kila jioni, na sisi hatuna amri juu yake. Hatuwezi kumwandikia ilani wala kuingia katika ua wake. Hatukai kwenye kikao kinachoamua lori la taka lipite mtaa gani na siku gani. Sisi ni wale wa kujitolea. Katika zile tofauti tisa, kila kinachoufanya mfereji ubaki wazi kiko mkononi mwa mwenye wadhifa.

Basi swali langu kwenu ni hili: kwa nini tuna wingi wa wa kwanza na uhaba wa wa pili?

Mifereji ya Sham na mito ya Mbale

Vitabu vya hisba havikuishia kwenye nadharia. Ash-Shayzari, aliyeishi Sham katika karne ya 12 Miladia, aliandika mwongozo wa kazi kwa ajili ya muhtasibu, Nihayat ar-Rutba. Ndani yake utakuta waokaji mikate wanatakiwa wawe na matundu ya kutolea moshi, na wauza nyama, samaki na chakula kilichopikwa wanaelekezwa usafi wa vyombo na mahali. Mwenye nyumba ambayo bomba lake hutoa uchafu njiani anatakiwa alizibe wakati wa kiangazi na achimbe shimo ndani ya ua wake. Kwa mtu anayedhani fiqhi ni tohara na mirathi tu, kitabu hiki kinashangaza. Msingi wake ni kanuni tunayoihifadhi sote mwaka wa kwanza, kwamba hakuna kudhuru wala kulipizana madhara. Wanazuoni waliichukua kanuni hiyo wakaipeleka mpaka kwenye bomba la maji machafu.

Hapa kwetu Mbale tunayo Nabuyonga na Namatala. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito hiyo ilifurika baada ya mvua kubwa, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha katika jiji na wilaya za jirani. Mvua ni amri ya Allah. Nyumba iliyojengwa ukingoni mwa mto ni kazi ya binadamu, na ina karatasi yake: kuna ofisa aliyepaswa kuuona mchoro kabla ya msingi kuchimbwa. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu vinamasi, kingo za mito na fukwe za maziwa zinatenga mita 30 kutoka ukingo wa mito mingi, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa humo. Kanuni hiyo haipimi ardhi yenyewe. Lazima mtu aende na utepe.

Kiteezi

Siku ya Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2024, mlima wa taka wa Kiteezi ulikatika ukafunika nyumba zilizokuwa chini yake. Waliofariki walizidi 30, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Jalala lile lilifunguliwa mwaka 1996 kupokea taka za Kampala, na kwa miaka mingi lilijulikana kuwa limejaa. Septemba ya mwaka huohuo wakubwa wa juu wa mamlaka ya jiji waliachishwa kazi, na baadaye baadhi yao wakafikishwa mahakamani. Mambo ya mahakama tunaiachia mahakama.

Ninachotaka tukitazame ni jinsi mlima ule ulivyofanyika. Taka za Kampala, ambazo jiji limekuwa likizikadiria kuwa karibu tani 2,500 kwa siku, kwa sehemu kubwa si plastiki. Ni maganda: ya matoke, viazi na mihogo, na mabaki ya masoko. Ni vitu vyenye maji vinavyooza. Ukivizika pamoja pasipo hewa, vinatoa gesi ya methani na maji machafu. Ukiongeza juu bila kusawazisha miteremko wala kufunika kwa udongo, kisha mvua ikaingia ndani, una kilima chenye uzito, unyevu na gesi kikisimama juu ya vichwa vya watu. Kwa hiyo ganda la ndizi lililotupwa Nakasero lilikuwa na sehemu katika kifo cha mtu wa Kiteezi, na mtu huyo hata si mkazi wa Kampala. Kiteezi iko wilaya ya Wakiso. Jiji lilikula matoke, jirani akabeba maganda. Anayesoma hadithi za haki za jirani hahitaji kuelezwa zaidi.

Ganda lilelile lingeweza kuwa chakula cha ng'ombe, au mboji. Nchi hii imewahi kulijaribu hilo kwa mpango. Kupitia mamlaka ya mazingira ya taifa, NEMA, pamoja na Benki ya Dunia, miji kadhaa ilijengewa viwanda vya mboji: Mbale ilikuwamo, pia Jinja, Lira, Soroti, Mukono, Mbarara, Kabale, Kasese na Fort Portal. Utaratibu wake si wa ajabu. Taka za sokoni zinapangwa matuta marefu, zinageuzwa mara kwa mara ili zipate hewa, joto linapanda mpaka mbegu za magugu na vijidudu vinakufa, na baada ya miezi miwili au mitatu inachekechwa na kuwa mbolea. Ugumu uko kwenye kinachotangulia: kuzitenga taka sokoni kabla hazijachanganyika na betri, chupa na nepi. Kazi hiyo haifanywi na mtambo. Hufanywa na ofisa anayekwenda sokoni alfajiri kuzungumza na akina mama wauza ndizi, wiki baada ya wiki.

Kazi zenyewe ziko wapi

Nizitaje kwa ufupi, maana wengi hatuzijui. Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 39, inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 iliziachia wilaya na miji kazi nyingi za kuitimiza haki hiyo, na Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019 imeongeza nguvu ya ukaguzi. Wilayani kuna idara ya maliasili. Humo wamo ofisa wa mazingira, ofisa wa misitu, wa vinamasi, wa ardhi na wa mipango miji. Ofisa wa mazingira mwenye digrii huanzia kima cha U4, ambacho wahitimu wengi wa digrii huanzia katika utumishi wa umma. Upande wa afya kuna wakaguzi wa afya, ambao ndio hasa wanaoshughulika na vyoo, machinjio, mikahawa na taka za majumbani. Katika gombolola yuko mkuu wa gombolola na ofisa wa maendeleo ya jamii, na katika muluka yuko mkuu wa muluka.

Tuseme ukweli: digrii ya masomo ya Kiislamu peke yake haikupi nafasi ya ofisa wa mazingira. Tangazo litadai sayansi ya mazingira, maliasili au fani ya karibu. Kwa hiyo ndugu zetu wa kitivo cha sayansi ndio ninaowalenga kwanza. Sisi wengine, hasa tuliochanganya masomo na sayansi ya jamii au utawala, njia yetu iko kwenye gombolola na muluka, na wengi tunaidharau. Lakini ni mkuu wa gombolola ndiye anayejua lori halijapita wiki tatu.

Iko pia ngazi isiyo na mshahara wowote. Kamati ya kijiji, LC1, ina wajumbe kumi, na mmoja wao kwa mujibu wa sheria ni katibu wa uzalishaji na uhifadhi wa mazingira. Waulizeni majirani zenu wa hosteli jina la katibu huyo. Mimi niliuliza nyumba sita, na nikapata majina matatu tofauti.

Siku moja ofisini

Ili nisiandike ya vitabuni tu, nilikwenda kuzungumza na ofisa wa mazingira wa wilaya moja, ambayo sitaitaja. Ni mzee wa miaka hamsini na kitu, si Mwislamu, mpole sana. Nilimkuta amezungukwa na mafaili.

"Mwanangu," akaniambia, "watu wanadhani kazi yangu ni kukamata. Kazi yangu ni kusoma."

"Kusoma nini, mzee?"

"Michoro. Kituo cha petroli, kiwanda cha matofali, hoteli. Nikichelewa wiki moja kusoma, ukuta umeshafika kwenye linta. Hapo kubomoa ni vita. Kwenye karatasi ni kalamu tu."

Alinionyesha tathmini ya athari kwa mazingira ya mradi mmoja, kurasa zaidi ya mia, na kalamu nyekundu alizopiga. Palipoandikwa kwamba maji machafu "yatashughulikiwa ipasavyo" ameuliza: na nani, wapi, kwa shimo la ukubwa gani? Pikipiki ya ofisi ilikuwa nje. Mafuta ya robo mwaka, alisema, huisha kabla ya robo kwisha, na baada ya hapo anakwenda kukagua kwa bodaboda kwa fedha zake, au haendi. Kwa wilaya nzima wako wawili. Nilimuuliza kinachomkera zaidi. Nilidhani atataja mafuta. Akasema ni simu. Anapompelekea mtu mkubwa amri ya kurejesha kinamasi alichokifukia, simu hulia kabla ilani haijakauka wino.

Hapo ndipo Al-Mawardi na mzee huyu walipokutana kichwani mwangu. Miongoni mwa masharti aliyoyaweka kwa muhtasibu ni ukali katika dini na ujuzi wa maovu yaliyo wazi. Zamani nilikuwa nikiusoma huo ukali kama kukunja uso. Kumbe ni kuipokea simu na kutobadilisha neno kwenye ilani.

Kupunguza hakuna anayekulipia

Lipo jambo moja katika mambo ya taka ambalo kila anayetaka kazi hii lazima alielewe mapema. Mkandarasi akilipwa kwa tani, anapenda tani ziwe nyingi. Akilipwa kwa safari, anapenda safari. Mwenye duka anauza zaidi akifunga kwa kavera. Mwanasiasa anaonekana anapozindua lori jipya. Lakini mtu anayefanya taka zisizaliwe kabisa, huyo hana risiti ya kuonyesha. Kazi yake ikifanikiwa, hakuna kitu pale. Ndiyo maana ni serikali, kwa ofisa wake mwenye mshahara usiotegemea tani, inayoweza kuibeba kazi hiyo, nayo huibeba kwa unyonge.

Kwetu sisi, kupunguza si wazo la kigeni. Aya ya 31 ya Suratul Aaraf inakataza israfu katika kula na kunywa. Katika hadithi sahihi tunaona Mtume (s.a.w.) akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji, kiasi kisichofika lita, na akioga kwa pishi. Pimeni kibaba, kisha pimeni bomba la msikiti wetu likiachwa wazi mtu akipiga soga huku anaosha miguu. Pimeni pia futari ya jumuiya. Mwezi wa Ramadhani tunagawa sahani za mara moja, vijiko vya mara moja na maji ya chupa, na kila jioni mapipa yanafurika wali. Tukikaa baadaye kumsikiliza mhadhiri akieleza israfu, mapipa yako nyuma ya mgongo wake.

Mfano mkubwa zaidi ni Nabii Yusuf (a.s.). Tunamkumbuka kwa subira na kwa ndoto. Tazama alichokishauri katika aya ya 47: nafaka iachwe katika masuke yake isipokuwa kidogo cha kuliwa. Nafaka iliyo katika suke haishambuliwi upesi na wadudu wala kuoza. Huo ni ushauri wa kupunguza upotevu ghalani, umetolewa na mfungwa, na umepangwa kwa miaka kumi na minne. Kisha katika aya ya 55 akaomba yeye mwenyewe akabidhiwe hazina za nchi, akitaja sifa mbili: uhifadhi na ujuzi.

Aya hiyo inajibu maswali mawili ninayoulizwa kila nikiligusa jambo hili. La kwanza: je, si tumekatazwa kuomba uongozi? Hadithi ya Abdurrahman bin Samura (r.a.) ni sahihi na inakataza kuuomba. Wanazuoni wengi wakaeleza kwamba makatazo ni kwa anayeutaka kwa ajili ya nafsi yake au asiyeuweza, ama anayeona haki itapotea naye ana ujuzi, anaruhusiwa kujitaja kama alivyojitaja Yusuf. La pili: je, inafaa kutumika katika serikali isiyo ya Kiislamu? Mfalme wa Misri hakuwa katika dini ya Yusuf, na wafasiri kama Al-Qurtubi wakaitumia aya hii kueleza kwamba inajuzu pale mtumishi anapoachiwa nafasi ya kutenda haki. Palipo na sharti hilo ndipo penye mtihani. Ukifika mahali unapolazimishwa kusaini dhuluma, aya haikukingi tena.

Dada mmoja aliniuliza kama kazi ya kuzunguka masokoni inamfaa mwanamke. Imepokewa kwamba Umar (r.a.) alimpa Ash-Shifa bint Abdullah usimamizi wa baadhi ya mambo ya soko la Madina. Ni amana nieleze kwamba Ibn al-Arabi, mwanazuoni wa Kimaliki, aliikataa riwaya hiyo, na wengine wakaitaja bila kuikataa. Sitaijengea hoja nzima. Lakini wauzaji wa soko la Mbale wengi ni wanawake, na nani atakwenda kukaa nao kwenye vigoda kuwaeleza utengaji wa maganda? Mimi nimejaribu. Walinisikiliza kwa adabu, wakaniuliza kama nimeshaoa, mazungumzo yakaishia hapo.

Zawadi ya Ibn al-Lutbiyya

Jambo la rushwa siwezi kulipita. Mkaguzi ana kalamu, na kalamu ina bei sokoni. Al-Bukhari na Muslim wamepokea kisa cha Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya sadaka za Banu Sulaym. Aliporudi akagawa mafungu mawili: hili lenu, na hili nimezawadiwa. Mtume (s.a.w.) akapanda mimbari, akauliza mbele ya watu kwa nini asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi ingemfuata huko. Hiyo ni mizani anayoweza kutembea nayo mkaguzi yeyote. Kreti ya soda kutoka machinjioni, kuku kutoka kwa mwenye kiwanda cha matofali, mafuta ya pikipiki kutoka kwa yule unayekwenda kumkagua: ungekuwa nyumbani, ungeletewa?

La mafuta ndilo gumu zaidi, na nilimuuliza yule mzee. Ofisi haina mafuta, mwenye kiwanda anasema nitakujazia tangi uje unikague. Alinyamaza kidogo. Akasema yeye huandika barua kwa mkubwa wake kwamba ukaguzi haukufanyika kwa kukosa mafuta, anaweka nakala kwenye faili, na hakubali tangi. "Faili litasema," akaniambia. Sijui kama kuna fatwa bora kuliko hiyo.

Kwa anayetaka kuanza

Nafasi za wilaya hutangazwa na Tume ya Utumishi ya Wilaya, magazetini na kwenye mbao za matangazo. Za mamlaka ya Kampala hupitia Tume ya Utumishi wa Umma ya taifa. Fomu iliyozoeleka ni ile ya Tume namba 3 ya mwaka 2008. Jazeni nakala moja sasa, mkiwa bado chuoni, mtaona ni mambo gani hamna: cheti kilichopotea, jina la shule lisilolingana na la kitambulisho, mdhamini ambaye hamjaongea naye miaka miwili. Waliokosa kazi kwa herufi moja ya jina ni wengi kuliko tunavyodhani.

Wa sayansi, ombeni mafunzo ya vitendo katika idara ya maliasili badala ya kungoja shirika kubwa la Kampala. Ofisi zina upungufu wa watu, mtapewa kazi ya kweli siku ya pili. Wa fiqhi, someni Sheria ya Mazingira ya mwaka 2019 kama mnavyosoma matini: maana, masharti, yanayobatilisha. Mtaona nguvu za mkaguzi zimewekewa mipaka, kama Al-Mawardi alivyomzuia muhtasibu asipeleleze yaliyofichwa.

Na jambo moja linaweza kufanywa mwaka huu bila kuajiriwa. Mwaka wa fedha wa Uganda huanza tarehe 1 Julai, lakini mipango yake huanza kuzungumzwa miezi mingi kabla, kwenye mkutano wa bajeti wa wilaya au jiji, ambao kwa kawaida huwa kati ya Oktoba na Desemba. Wananchi hualikwa. Wanaokwenda huuliza barabara na dawa. Idara ya maliasili husomwa mwishoni, watu wakiwa wameshaanza kutazama chakula, na fungu lake hupita bila swali. Jumuiya ipeleke watu watatu. Wakae mpaka mwisho, na waende na swali moja lililoandikwa: taka za soko letu zinapimwa wapi, na nani anaziandika?

Wallahu aalam.